Mkitoka Hapa, Msifungashe Ngoma

Hotuba iliyotolewa kwa wanafunzi, wazazi na wageni kabla ya maonyesho ya mwisho wa muhula, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mgeni rasmi, wahadhiri wenzangu, wazazi na walezi, wanafunzi wetu wa sanaa za maonyesho, majirani zetu wa Changanyikeni na Makongo mliokuja jioni hii, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na ambaye salamu yake sijaitaja, habari za jioni?

Nimepewa muda mfupi kabla ya taa za jukwaani kuwashwa. Nyuma ya pazia hili kuna vijana wanafungana njuga miguuni. Kule nje, upande wa maegesho, kuna wengine wanakausha ngoma kwa moto wa makuti, maana umande wa jioni hulegeza ngozi na ngoma iliyolegea haisemi. Kwa hiyo sitawachelewesha.

Nina neno moja kwao na kwenu. Onyesho la leo halijakamilika. Hata wakicheza bila kosa, halijakamilika. Hata mkisimama wote mkapiga makofi mpaka viganja viwe vyekundu, halijakamilika. Litakamilika siku litakapochezwa mbele ya watu ambao hawana sababu yoyote ya kuwapigia makofi.

Wazazi, nianze nanyi. Najua wengi wenu mlipoambiwa na mtoto kwamba anasoma sanaa za maonyesho, mlikaa kimya kidogo. Wapo waliouliza, "Utaajiriwa wapi?" Aliyelipa ada ana haki ya kuuliza. Lakini leo naomba mniulize swali jingine: mtoto wangu amefanya kazi gani muhula huu?

Mwenzake wa sheria anafanya mtihani kimya, karatasi inakusanywa, inasahihishwa chumbani na mtu asiyemwona. Huyu wako anafanya mtihani wake mbele yako, kwa mwili wake, na hawezi kufuta jibu. Muhula ulipoanza walikaa mezani kusoma tamthiliya kwa sauti, wiki kadhaa, kabla mtu hajasimama. Kisha wakapanga nani anaingia upande gani, nani anampa nani mgongo na kwa nini. Wakatafuta maleba Kariakoo na Ilala, fungu kwa fungu, kwa pesa za bumu, ile posho ya mkopo wa wanafunzi, lililokwisha zamani. Yupo aliyepewa daftari la msimamizi wa jukwaa. Huyo hamtamwona, na alama zake zinatokana na ninyi kutomwona.

Na kabla ya yote hayo kuna kazi ngumu zaidi, kazi ya kumjua mtu. Hiyo niwaelezee kwa kisa.

Alikuwepo hapa binti aliyepewa nafasi ya mama muuza samaki. Amekulia Iringa, kwenye nyumba za walimu, samaki alikuwa anawaona wakiwa sahanini. Wiki za kwanza alicheza kama tunavyowaona wauza samaki kwenye vichekesho: mikono kiunoni, sauti juu, mdomo haufungi. Darasa zima likacheka. Mwongozaji wa mchezo, naye mwanafunzi mwenzake, hakucheka. Akamwambia, "Huyo humjui. Nenda Feri."

Akaenda Feri, pale Kivukoni, alfajiri, maboti yakiwa yanashusha. Alikwenda tena na tena. Alirudi na mambo ambayo hayamo katika maktaba yetu. Alirudi anajua kwamba mama anayenunua samaki mnadani hapigi kelele. Anayepiga kelele ni mnadi. Mama ananyamaza. Anafungua shavu la samaki kwa kidole aone wekundu wake, na bei anaipandisha kwa kuinua kidevu. Sauti yake anaiwekea akiba ya saa tano, jua likiwa kali, beseni likiwa kichwani, mtaa ukiwa mrefu. Alirudi anajua pia namna ya kushusha beseni lililojaa bila kummwagia maji mtu aliye karibu. Siku ya onyesho alimwalika mmoja wa wale waliomfundisha, na mama akaja, amependeza, akaketi mstari wa mbele.

Mchezo ulipokwisha tukamwuliza, "Mama, umeonaje?"

Akasema, "Kaweza. Ila mimi nikishika kiuno sijakasirika. Nimechoka."

Jamani, mnalisikia hilo? Wahadhiri tulikuwepo. Tumesoma, wengine tumesomea nje ya nchi. Hakuna aliyeliona. Mikono ile ile, kiuno kile kile, na mtu mwingine kabisa. Usiku wa pili binti alicheza uchovu, akaacha hasira. Tukio la mwisho, ambalo watu walikuwa wamelicheka usiku wa kwanza, halikuchekwa na mtu.

Kwa hiyo mzazi, ukiulizwa mtoto wako anasomea nini, sema anajifunza kumtazama mwenzake mpaka aache kumdhania. Daktari anaihitaji elimu hiyo. Hakimu anaihitaji. Na ule mtihani alisahihisha nani? Alisahihisha mama wa Feri. Akafika kusahihisha kwa sababu kuna mwanafunzi aliyemlipia nauli ya daladala na kumwambia, njoo, mlango uko wazi.

Nije kwenye ngoma.

Leo mtaona bugobogobo ya Wasukuma, majembe yakirushwa na kudakwa. Mtaona msewe wa Pemba. Mtaona mabinti wakipiga muheme wa Wagogo, ngoma zimebanwa mapajani. Kila moja imepewa dakika chache, na wachezaji wote watakuwa wamewaelekea ninyi. Lakini huko zilikotoka, nani huelekewa? Kijijini ngoma ni duara na wewe umo. Unaitikia, unapiga makofi, ukizidiwa unaingia kati. Baada ya uhuru, kikundi cha ngoma cha taifa kilipozipandisha jukwaani, duara lilifunguliwa likawa mistari, saa zikawa dakika, waitikiaji wakapewa viti. Silaumu hata kidogo. Bila kazi ile, mtoto wa Tanga asingeijua sindimba ya Wamakonde. Ila tukubali kwamba kuna kitu kilibaki nyuma, na ni wajibu wa vijana hawa kukirudia.

Kundi moja la wanafunzi lilichagua mganda wa Ziwa Nyasa. Wengine mnaujua: wanaume wenye mashati meupe yaliyopigwa pasi, hatua za gwaride, mabega yamesimama. Ngoma hii ilichota kwenye gwaride na bendi za askari wa wakati wa ukoloni, wenyeji wakaigeuza ikawa fahari yao. Vijana wetu walijifunza kwa kutazama video kwenye simu, na walikuwa safi. Mguu ulishuka kwa pamoja, hakuna aliyetangulia wala aliyebaki. Jioni walifanya mazoezi chini ya mwembe, na mlinzi mmoja wa zamu ya usiku, mzee wa pande za Mbamba Bay, alizoea kusimama hapo akawatazama kabla ya kwenda lindoni.

Siku moja wakamwita. "Shikamoo babu. Unatuonaje?"

"Marahaba wajukuu zangu. Miguu mizuri." Akanyamaza. Halafu akauliza, "Mnashindana na nani?"

Wakatazamana. Hawakuwa na jibu.

Mzee akawaeleza kwamba kwao mganda ni kijiji na kijiji. Wageni wanafika, wanapokewa, wanapikiwa, kisha wanachezewa, nao wanajibu. Shati linapigwa pasi kwa ajili ya macho ya wale wengine. Bega linapandishwa ili wale wengine walione. "Sasa ninyi," akasema, "mnamwonyesha mwembe?"

Zilikuwa zimebaki siku chache. Vijana wakalibomoa onyesho lao lote. Wakajigawa kambi mbili, wenyeji na wageni, na usiku wa onyesho wakaingia kwa milango miwili, hawa mbele, hawa nyuma, hadhira ikiwa katikati. Hakuna aliyewaambia watu washangilie. Waliokaa upande huu wakachukua kambi hii, waliokaa upande ule wakachukua ile, na mhadhiri mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, alisimama juu ya kiti. Ngoma ile ilikuwa imepata wa kumchezea.

Wanafunzi wangu, swali la yule mzee ni lenu ninyi nyote, wa ngoma na wa maigizo. Mnashindana na nani? Mnasema na nani? Mliyemwandalia shati ni nani?

Na msidhani haya nimeyabuni mimi. Ni mwendo wa nyumba hii na wa majirani zake. Majirani zetu wa Makerere, mwaka 1965, walipakia maonyesho yao kwenye gari wakazunguka Uganda na Kenya, wakacheza bila kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji. Walikuwa wanafunzi! Hawakusubiri mkulima apande kilima cha Makerere. Idara ya sanaa za maonyesho ilianza hapa Mlimani mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Hapa ndipo aliposoma Ebrahim Hussein, na tamthiliya yake ya Kinjeketile ilipochapishwa mwaka 1969 alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Nyuma ya pazia hili wapo wenye umri huo huo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahadhiri wa idara hii, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba tamthiliya iliyokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza, hapa mnasumbuliwa na nini? Moja ya majibu ni mabinti wa shule kupata mimba. Wanakijiji wenyewe wakalitia jambo hilo kwenye ngoma na maigizo yao, na baada ya kucheza wakakaa kulijadili. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa Tuseme katika shule za sekondari, ambako wasichana wanatumia maigizo, nyimbo na ngoma kusema yale yanayowazuia kusoma. Mradi huo ulivuka mipaka ukaenda katika nchi nyingine za Afrika. Ulianzia wapi? Ulianzia hapa, kwa watu waliokuwa na vipindi vya kufundisha na mitihani ya kusahihisha kama sisi.

Mnawasoma watu hawa. Mnaulizwa habari zao kwenye mtihani, mnajibu, mnapata alama nzuri. Je, tuwaenzi kwa kalamu tu?

Niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Kundi moja la wanafunzi lilimaliza onyesho hapa likashangiliwa mpaka wazazi wakasimama. Mchezo wao ulihusu mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani ambayo leo unachukua laki, kesho wanakuja kubeba vitu. Wakaamua kuupeleka kwenye uwanja wa wazi karibu na soko, huko Manzese. Pazia hakuna. Taa hakuna. Watoto walikaa mbele kabisa, wengine juu ya ngoma zenyewe.

Tukio la kwanza lilikuwa mume na mke wameketi wanazungumza, dakika kama kumi hivi. Hapa ukumbini tulilisifu, tukasema lina kina. Manzese watu wakaanza kuondoka. Hawakuzomea, hawakutukana. Waliondoka tu, wana shughuli zao. Kijana aliyecheza mume akaona migongo. Fikirini, umefundishwa mwaka wa tatu sasa namna ya kushika hadhira, na mbele yako ni migongo! Akasimama, akaacha maneno ya kwenye skripti, akaruka moja kwa moja mpaka pale mkopeshaji anapoingia kubeba godoro. Mkopeshaji mwenyewe alikuwa bado anafunga tai, akaingia hivyo hivyo. Migongo ikageuka.

Alipolishika godoro, mama mmoja muuza nyanya akapaza sauti, "Hawaanzi na godoro hao! Wanaanza na mtungi wa gesi!"

Hapo ndipo nilipomwona msanii. Binti aliyecheza mke hakutikisika. Akamgeukia yule mama akasema, "Mtungi kwangu waliubeba jana, dada. Kwako walianza na nini?"

Na mama akajibu. Alitaja kila kitu, kwa mpangilio wa kilivyotoka nyumbani. Mwingine akataja vyake. Mwingine akasema aliweka saini kwa niaba ya shoga yake, na shoga yake akahama. Wanafunzi wetu wakawa wamesimama katikati ya uwanja wanasikiliza, na kusikiliza kule kulikuwa ndiyo mchezo. Mwisho walioandika, wa mume kulia peke yake, haukuchezwa. Kina mama walikuwa wameshaanza kubishana jinsi ya kuingiza watu kwenye kikoba chao ili wasifike tena kwa kausha damu, na mwenye busara gani angewakatiza ili aonyeshe mtu analia?

Waliporudi chuoni, lile tukio la kwanza wakalikata likabaki dakika mbili. Muhula mzima wa semina, na maoni yetu yote yenye maneno makubwa, hatukuwahi kuwaambia walikate. Watu wa Manzese waliwaambia bila kufungua mdomo.

Ninyi wa leo, hadhira yenu inawapenda. Huyu ni mama yako. Huyu ni mwenzako wa hosteli, mmegawana maharage muhula mzima. Ukisahau mstari wataanza kukupigia makofi ili ukumbuke. Ni jambo jema, na kila msanii anastahili usiku wa namna hiyo. Lakini ndugu zangu, miezi ya mazoezi kwa usiku mmoja au miwili, halafu maleba yanarudi stoo, ngoma zinafungiwa, kila mtu na begi lake Mbezi kwenye mabasi? Hiyo ni hasara. Tunalima, tunavuna, tunaonja kijiko kimoja, tunafunga jikoni. Na mara nyingi hata skripti hazibaki. Zipo tamthiliya nzuri zilizoandikwa na wanafunzi wa idara hii ambazo nakala yake ya pekee ilikuwa kwenye simu, na simu ikaibiwa. Linaniuma sana hilo. Kila kundi litakalocheza leo, nakala moja iliyochapwa ibaki maktaba kabla hamjaondoka. Kabla hamjaondoka, siyo mkirudi.

Wahadhiri wenzangu, nasi tuna la kufanya. Tukisema onyesho la nje ni muhimu halafu haliingii kwenye alama, mwanafunzi atatusikia vizuri sana: atasikia kwamba si muhimu. Sehemu ya alama za mtihani huu itoke nje ya ukumbi. Atakayepata sapu, yaani mtihani wa kurudia, kwa sababu hadhira ya mtaani ilimwondokea, naye hakujua la kufanya, atarudia kwa faida yake. Na mhadhiri awe pale pale uwanjani, amesimama juani pamoja nao.

Na ninyi wanafunzi, mkienda huko msiende kuhubiri. Msimfundishe mama muuza nyanya ubaya wa mkopo. Anaujua kuliko ninyi. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ombeni uwanja, ombeni kibali, salimieni wazee wa mahali hapo. Msirekodi watu bila ruhusa yao, hasa wanapotaja mambo ya nyumbani kwao. Ngoma ya watu mkiicheza mahali walipo wenyewe, waulizeni kwanza, na wakitaka kuwasahihisha katikati ya uwanja, simameni msahihishwe.

Sasa niombe vitu, maana nimesema sana. Tumekwisha kuongea na wenyeviti wa mitaa miwili na wametukubalia viwanja, Jumamosi hii na ile inayofuata, alasiri. Tunahitaji gari, kenta inatosha, la kubeba ngoma na maleba. Tunahitaji mafuta ya gari hilo. Tunahitaji mama mmoja au wawili wa kusaidia chakula cha mchana, watu kama arobaini, wali maharage tu hatuna makuu. Wazazi wa mikoani, kama kijijini kwenu kuna uwanja wa shule na watu wa kumpokea mwanafunzi anayekuja likizo na wenzake watatu na ngoma mbili, tuambieni. Mchezo mdogo wa watu wanne wamekwisha kuuandaa. Mlangoni amekaa binti mwenye daftari. Andikeni jina, namba ya simu na mnachoweza, kiwe kikubwa au kidogo.

Na anayetaka kupanda gari la Jumamosi aende naye atazame, aseme usiku huu huu, maana ngoma ndizo zinazopangwa kwanza, watu wanafuata.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Karibuni onyesho la kwanza.